Kicheko mbele ya hofu: Kejeli ya kisiasa kutoka Msovero ya Mangungo hadi Mikumi ya Profesa Jay

WATANZANIA wakitaka kumsema mkubwa aliyetia saini mkataba mbovu, humwita Mangungo. Wakitaka kuwasema wale wanaoitikia kila neno la mkubwa hata kama halina ukweli, husema hao ni watu wa "ndio mzee".

Kauli zote mbili zinampeleka msikilizaji Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Mangungo alikuwa mtawala wa Msovero, katika nchi ya Wasagara. Naye mwanamuziki aliyeimba "Ndio Mzee", Joseph Haule maarufu kwa jina la Profesa Jay, alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, jimbo lililomo ndani ya wilaya hiyohiyo.

Majina hayo mawili ni mlango mzuri wa kuingilia katika swali ambalo limewashughulisha watu wengi wa Afrika Mashariki katika miaka 10 iliyopita: Mwananchi afanye nini pale serikali inapotawala kwa kutegemea woga wa watu wake? Jibu mojawapo, tena la tangu zamani, ni kucheka. Makala haya yanaeleza namna jibu hilo linavyofanya kazi, gharama yake na mipaka yake.

Hofu inavyofanya kazi

Hakuna serikali yenye uwezo wa kumweka askari kwenye kila mlango. Utawala wa hofu hutegemea jambo rahisi zaidi, nalo ni kila mtu kuamini kuwa jirani yake ama anaunga mkono mambo yalivyo, ama atamchongea. Akikamatwa mmoja, hunyamaza elfu. Baada ya muda watu huanza kujikagua wenyewe: mhariri hupunguza makali ya kichwa cha habari, mwimbaji hufuta ubeti, abiria ndani ya daladala hugeuza mazungumzo kuwa ya mpira.

Kejeli hupiga mahali hapo hapo. Mtu akisimulia kichekesho kuhusu mkubwa mbele ya watu 20, na wote wakaangua kicheko, kila mmoja wao amepata habari ambayo hakuwa nayo: kwamba wenzake nao wanakiona kile anachokiona yeye. Hakuna aliyetoa hotuba wala kutukana, lakini ule upweke ambao ndio mtaji wa hofu umepungua.

Silaha hii si ngeni kwetu. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ni wenyeji wa Kilosa, wana watani kama yalivyo makabila mengi ya Tanzania. Mtani huruhusiwa kumwambia mwenzake, hata msibani, maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka yatazua ugomvi. Anayekasirishwa na utani ndiye huonekana mwenye kasoro. Kejeli ya kisiasa huazima ruhusa hiyo na kuipeleka kwa watawala, ambao mara nyingi hawakubali kwamba wao pia wana watani.

Fasihi nayo imepita njia hiyo. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, Shaaban Robert alichapisha "Kusadikika", hadithi ya nchi ya kufikirika iliyo angani ambako mtu aitwaye Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria. Nchi hiyo haimo kwenye ramani yoyote, lakini wasomaji hawakupata taabu kuelewa.

Mangungo wa Msovero

Mwishoni mwa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters aliwasili Usagara akiwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Mangungo ni mmoja wa watawala waliotia alama kwenye karatasi hizo. Kwa maelezo yaliyoandikwa humo, alikuwa ametoa ardhi yake pamoja na haki zake zote kwa kampuni ya Wajerumani, kwa jina la urafiki wa milele. Februari 27, 1885, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi iliyoifanya mikataba ya aina hiyo kuwa msingi wa koloni.

Kisa hicho kimefundishwa katika shule zetu kizazi baada ya kizazi. Ndipo jina la Mangungo lilipotoka kwenye vitabu vya historia na kuingia kwenye majukwaa. Kila unapozuka mjadala wa mikataba ya madini, gesi au bandari, jina hilo hufufuka. Lilisikika sana mwaka 2023 wakati wa mjadala wa mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, mjadala ambao baadhi ya wakosoaji wake, akiwamo Dk Willibrod Slaa, walikamatwa Agosti mwaka huo na polisi wakataja tuhuma za uhaini.

Nguvu ya kejeli hii imo katika kile kisichosemwa. Anayemwita waziri Mangungo hajamtuhumu kwa rushwa, hivyo hana la kuthibitisha mahakamani. Amemfananisha tu na mtu wa mwaka 1884. Lakini msikilizaji humalizia mwenyewe: Mangungo hakujua kusoma Kijerumani, ilhali hawa wa leo wanasoma lugha ya mkataba na wana wanasheria mezani. Kwa kipimo hicho, anayeonewa na mzaha huo ni Mangungo mwenyewe.

Mwanamuziki aliyegeuka mbunge

Profesa Jay alianzia kwenye kundi la Hard Blasters, kisha mwaka 2001 akatoa albamu yake ya kwanza binafsi, "Machozi, Jasho na Damu". Ndani yake ndimo ulimo wimbo wa "Ndio Mzee". Mwimbaji anajivika nafsi ya mgombea aliyesimama jukwaani na kumwaga ahadi zinazozidi kuwa za ajabu, ikiwamo ya wanafunzi kwenda mwezini kufanya mafunzo ya vitendo. Umati unaitikia kila ahadi kwa maneno yaleyale mawili ya jina la wimbo.

Watu wengi walidhani wimbo huo unamcheka mgombea peke yake. Ukisikilizwa vizuri, unawacheka pia waitikiaji. Mgombea anaongeza chumvi kwa sababu hakuna anayemzuia. Kila "ndio" inampa ruhusa ya uongo mkubwa zaidi. Kwa lugha nyingine, wimbo unauliza nani anaujenga ukubwa wa mkubwa. Hapo ndipo ulipozipita nyimbo nyingi za lawama za wakati ule.

Mwaka 2015 historia ilimpa mwanamuziki huyo mtihani mgumu. Akigombea kwa tiketi ya Chadema, alishinda ubunge wa Mikumi, jimbo lililokuwa mikononi mwa CCM. Aliyekuwa akiigiza mgombea sasa alisimama mbele ya wapigakura halisi: wakulima wa miwa wa Ruhembe na Kidodi, wafanyabiashara wa mji wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na wakazi wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964.

Wilaya hiyo inazijua ahadi. Mafuriko ya Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi. Lami ya barabara ya Dumila, Kilosa hadi Mikumi imetajwa katika kampeni zaidi ya moja na kujengwa kwa vipande. Mbunge aliyepata umaarufu kwa kuzicheka ahadi alikuwa na deni la kuwa mwangalifu na zake.

Bunge lililotoweka kwenye luninga

Profesa Jay aliingia bungeni wakati milango ya kusemea ikianza kufungwa. Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, ingeacha kurusha moja kwa moja mijadala ya Bunge, kwa maelezo ya kubana gharama. Juni mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo lilidumu hadi Januari 3, 2023 lilipoondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan.

Sheria nazo zilikaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilitumika dhidi ya watu walioandika kuhusu Rais kwenye Facebook na WhatsApp. Juni 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa faini ya Sh7 milioni au kwenda jela miaka mitatu kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais John Magufuli. Ikafuata Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo baadhi ya vifungu vyake Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 28, 2019 kuwa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu kulipa zaidi ya Sh2 milioni ili asajiliwe. Magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti.

Zaidi ya sheria, kulikuwa na mambo yasiyo na sheria. Septemba 7, 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi mjini Dodoma. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti. Taarifa nyingi za matukio ya aina hiyo ziliwataja wahusika kuwa ni "watu wasiojulikana". Wananchi waliyachukua maneno hayo makavu ya kipolisi na kuyageuza kinaya. Mtu aliyesema kwa tabasamu "angalia wasiojulikana wasije" alikuwa amesema mengi bila kumtaja yeyote.

"Wapo" na mikono miwili ya dola

Tukio lililoonyesha vizuri uhusiano wa watawala na kejeli lilitokea katika Mkoa wa Morogoro, katika wilaya inayopakana na Kilosa. Machi 26, 2017, mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa akiwa hotelini baada ya onyesho na kupelekwa kituo cha polisi Mvomero. Kosa lilikuwa wimbo wake wa "Wapo", ulioonekana kuwagusa walio madarakani. Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, likaupiga marufuku.

Siku iliyofuata mambo yaligeuka. Waziri wa Habari, Dk Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, ameagiza mwanamuziki aachiwe na wimbo upigwe redioni. Akaongeza kwamba Rais anashauri wimbo uboreshwe kwa kuwataja pia wahalifu wengine, wakiwamo wakwepa kodi.

Wengi walishangilia, na kwa haki, kwa kuwa mtu alirudi nyumbani. Lakini tukio hilo linafundisha jambo. Mkono mmoja wa dola ulikamata, mwingine ukakumbatia, na yote mawili yalitegemea hisia za mtu mmoja. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya Jumapili na Jumatatu. Kejeli iliyoruhusiwa kwa hisani ya anayekejeliwa inaweza kuzuiwa kwa hisani hiyohiyo, na ushauri wa kuongeza beti ni namna nyingine ya kushika kalamu ya mtunzi.

Haikuchukua hata wiki mbili. Aprili 5, 2017 rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wenye silaha kutoka studio ya Tongwe Records, Dar es Salaam, wakapatikana siku tatu baadaye wakiwa na majeraha. Februari 26, 2018 Joseph Mbilinyi "Sugu", mwanamuziki mwingine aliyekuwa mbunge, wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno ya jukwaani yaliyoelezwa kuwa ya kumfedhehesha Rais. Alitoka Mei 10 mwaka huo.

Kisa cha mchekeshaji Idris Sultan kinaeleza zaidi. Oktoba 2019 alitakiwa kuripoti polisi kwa kubadilishana sura na Rais katika picha. Mei 2020 alikamatwa tena baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili. Alipofikishwa mahakamani, mashitaka yalihusu usajili wa laini ya simu. Kicheko hakikuandikwa kwenye hati ya mashitaka, kwa sababu ingekuwa vigumu kwa mwendesha mashitaka yeyote kusimama na kueleza kosa hilo bila mahakama nzima kucheka.

Majirani nao wako hapo hapo

Jambo hili si la Tanzania pekee. Nchini Uganda, mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa mwaka 2020 baada ya kuchapisha riwaya ya kejeli, "The Greedy Barbarian". Alikamatwa tena Desemba 2021 kwa maandishi yaliyomhusu Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Yoweri Museveni, akaonyesha makovu aliyosema ni ya mateso, kisha akakimbilia Ujerumani mwaka 2022.

Kenya ilipata nafasi kubwa zaidi ya kucheka tangu kundi la Redykyulass lilipomwiga Rais Daniel arap Moi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, Desemba 2024 mchoraji anayejulikana kwa jina la Kibet Bull, aliyepata umaarufu kwa michoro ya vivuli inayomkejeli Rais William Ruto, alitoweka na kuonekana tena Januari 2025.

Wino wa Mtanzania Godfrey Mwampembwa "Gado" uliwahi pia kuvuka mpaka na kurudi na adhabu. Januari 2015, baada ya katuni yake ya Rais Jakaya Kikwete, gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Mwaka uliofuata mkataba wake na kampuni ya Nation ya Nairobi haukuendelea.

Mipaka ya kicheko

Itakuwa udanganyifu kudai kwamba kejeli huangusha tawala. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, CCM ilinyakua karibu majimbo yote nchini, huku wapinzani wakilalamikia mwenendo mzima wa uchaguzi. Profesa Jay alipoteza Mikumi kwa Dennis Londo wa CCM. Miaka miwili baadaye aliugua sana na kulazwa Muhimbili, na kipindi alichokaa katika chumba cha wagonjwa mahututi kilimpa jina la wimbo wa mwaka 2023, "Siku 127".

Kadhalika, kicheko kinaweza kuwa njia ya kupumua tu. Mtu akishacheka huona kama ametenda jambo, kesho anakwenda kuitikia "ndio mzee" kama jana. Baadhi ya watawala werevu huiacha kejeli kidogo ipite kwa sababu hiyo.

Mbona basi wengine wanaiogopa kiasi hicho? Baada ya Rais Magufuli kufariki dunia Machi 2021, magazeti manne yalirudishiwa leseni Februari 2022 na watu wakaanza kusema kwa sauti. Lakini Oktoba 2, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications kwa sababu ya katuni mjongeo fupi ya gazeti la The Citizen iliyogusia watu waliotoweka. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliambatana na maandamano, vifo, kukatwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam.

Jibu ni kwamba hofu inahitaji heshima ya bandia, na heshima hiyo haivumilii kuigwa. Hotuba ya mpinzani inaweza kujibiwa kwa hotuba, na takwimu kwa takwimu nyingine. Suti iliyozidi mwili haina jibu. Anayeijibu kwa pingu hukiri mbele ya wote kwamba kichekesho kimefika mahali pake, na hukisambaza hata kwa wale ambao hawakuwa wamekiona.

Kinachobaki ni suala la sheria, kwa kuwa mchekeshaji hapaswi kuwa shujaa ili afanye kazi yake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Haisemi kwamba maoni hayo lazima yawe ya kununa. Mahakama zikiisimamia ibara hiyo bila kusubiri simu ya mkubwa, msanii anayekamatwa Mvomero hatahitaji bahati ya Rais kuupenda wimbo wake.

Wakati hayo yakisubiriwa, wapigakura wa Kilosa na Mikumi, kama wa majimbo mengine, wataendelea kutembelewa na wagombea kila baada ya miaka mitano. Lami itatajwa, na dawa za hospitali pia. Kijana anayepiga kura kwa mara ya kwanza leo hakuwa amezaliwa wimbo wa "Ndio Mzee" ulipotoka mwaka 2001, lakini akiusikiliza ataelewa kila neno. Jukwaani mgombea atasema lake. Kitakachoamua ukubwa wa ahadi inayofuata ni jibu atakalopewa na umati.